Kama hujui kamera ya kutega haioni nini, usiiuze

Leo naandika kuhusu bidhaa ambayo naona wengi mmeanza kuiweka stetasi: zile kamera zenye rangi ya majani makavu kama kombati, unaifunga kwenye mti au nguzo kwa mkanda, kitu kikipita inajipiga yenyewe. Wengine mnaziita kamera za porini. Watafiti wa wanyama wanaziita kamera mtego. Mimi naziita kamera za kutega kwa sababu wateja wangu hapa Ifakara ndivyo wanavyoziita.

Matangazo yenu nayaona. "Inaona mita 30 usiku." "Megapikseli 48." "Linda nyumba yako ukiwa popote." Maneno hayo nayajua vizuri maana na mimi niliyaandika hivyo hivyo. Nilikopi kwa muuzaji wa China, nikatafsiri kwa simu, nikaweka kiemoji cha moto, nikabandika bei. Sasa nataka niwaambie kilichonikuta, halafu niwape ninachokijua leo. Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kubishana aanze kujiandaa: hii sio bidhaa ya kuuza kwa kukopi maelezo. Kava la simu likiwa baya mteja amepoteza elfu tano yake, basi. Kamera ikiwa mbaya, au ikiwa nzuri ila imefungwa vibaya, mtu anaamini jambo ambalo halikutokea.

Kuna mama mmoja anafuga kuku wa kienyeji nje kidogo ya mji. Alikuwa na kuku kama sitini, kila wiki wanapungua wawili, watatu. Alikuwa na kijana wa kazi wa miaka kumi na tisa hivi, analisha kuku, anafagia banda, anachota maji. Mama moyoni alishahukumu. Akaona stetasi yangu, akapiga.

"Mwanangu, hiyo kamera itanionyesha mwizi wangu?"

"Shikamoo mama. Itakuonyesha, wala usiwe na wasiwasi."

Nilijibu hivyo, na nilikuwa sijawahi hata kuifunga moja usiku nikaona inatoa nini. Nikamuuzia 180,000, nikamwongezea betri nane za bure, zile za bei rahisi za redio na tochi. Nikajiona nimempa ofa. Nikaenda kumfungia mwenyewe, nikaiweka juu kabisa chini ya bati, inaangalia mlango wa banda.

Wiki moja baadaye akaniita tusome kadi. Picha zilikuwa zaidi ya mia tatu, zote za mchana. Na ukitoa kuku, kiumbe aliyeonekana kwenye zile picha ni mmoja tu, yule kijana. Anaingia bandani, anatoka bandani. Kashika ndoo. Kashika kuku (alikuwa anamtenga kuku anayeumwa, nilikuja kujua baadaye). Usiku hamna hata picha moja. Na kuku walikuwa wamepungua watatu.

Mama akasema, "Si unaona mwenyewe? Usiku hajapita mtu wala mnyama. Ni huyu huyu."

Nikanyamaza. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Hela nilishaitia kwenye mzunguko, na kusema "labda usiku kamera haikufanya kazi" ilikuwa ni kama kujitangazia kwamba nirudishe hela. Kijana akafukuzwa siku ile ile, na mshahara wa mwezi ule hakupewa.

Kuku wakaendelea kupotea. Wiki mbili mbele mama akanipigia, na safari hii hakuniita mwanangu. Nikaenda na betri mpya za alkalaini nilizonunua kwa hela yangu, nikaishusha kamera mpaka usawa wa kiuno, nikaihamishia upande wa nyuma ambako ukuta na bati haviishii vizuri. Usiku wa tatu, saa nne kasoro, akaonekana. Kanu. Mkia wake wa mapete mapete, anapenya kwenye ule uwazi. Picha nne mfululizo, ya mwisho kuku yuko mdomoni.

Mama ni muungwana. Alimtafuta yule kijana, akampa hela yake yote. Kurudi kazini kijana alikataa, akaenda Mlimba kutafuta maisha. Mimi nilimrudishia mama 90,000, na nilimwambia ukweli kwamba betri zile za bure ndizo zilizofanya kamera iwe kipofu usiku. Sio siri, hapa mjini watu wanaijua hii habari, na kuna wateja niliwapoteza kwa ajili yake.

Haya. Sasa tuingie kwenye bidhaa yenyewe.

Hii kamera hairekodi muda wote kama CCTV. Hilo ndilo kosa la kwanza kwenye matangazo. Inalala. Kilicho macho ni sensa ndogo, ule mviringo mweupe wa plastiki mbele, na inachotafuta ni joto linalosogea. Mwili wa mtu au mnyama ukipita mbele yake ukiwa na joto tofauti na mazingira ya nyuma, sensa inashtuka, inaiamsha kamera, kamera inapiga. Vitu viwili lazima viwepo: joto tofauti, na kusogea.

Ukishalielewa hili moja, nusu ya malalamiko ya wateja unaweza kuyajibu kabla hawajayaleta. Mteja anasema nimeiweka ndani ya dirisha inaangalia getini lakini haipigi. Haiwezi. Kioo kinazuia lile joto, sensa haioni kitu, na usiku taa zake zenyewe zinagonga kioo zinarudi, picha inakuwa nyeupe tupu. Mwingine anasema mchana haikamati mbuzi, asubuhi inakamata. Hapa kwetu mchana wa joto kali ardhi na hewa vinakaribia joto la mwili, tofauti inakuwa ndogo, sensa inasinzia. Mwingine anapata picha elfu mbili za majani. Jani la mgomba limepigwa na jua, upepo unalitikisa, kwa sensa hilo ni joto linalosogea. Fyeka mbele ya kamera, tatizo limekwisha.

Na kuna hili ambalo sijaona muuzaji hata mmoja analisema. Mteja akikwambia anaibiwa mayai, muulize kama maeneo yake yana kenge au nyoka. Wale miili yao inafuata joto la mazingira, kwa hiyo sensa mara nyingi haiwaoni kabisa. Kenge anaweza kumaliza kiota chote mbele ya kamera ya laki tatu na usipate picha. Kamera nyingi zina sehemu ya kuweka ipige kila baada ya muda fulani bila kusubiri sensa, mfano kila dakika moja au tano. Kwa mteja wa mayai muwekee hiyo, na mwambie kadi itajaa haraka.

Hizi kamera soko lake kubwa ni wawindaji wa Marekani wanaofuatilia swala wao msituni. Ndiyo maana ina mkanda wa kufunga kwenye mti na rangi ya majani. Na ndiyo maana maelezo ya kwenye boksi yanamzungumzia mnyama mkubwa anayetembea taratibu njiani, mara nyingi kwenye baridi. Sio kanu wa Ifakara anayekimbia na kuku, wala kijana wa mtaani anayeruka ukuta kwa sekunde moja. Ukisoma "mita 30" kwenye boksi, jua hiyo ni siku nzuri, mnyama mkubwa, hali ya hewa ya kwao.

Megapikseli ndiyo uongo mkubwa kuliko wote. Kamera nyingi za bei ya chini ndani yake zina kioo cha picha cha megapikseli chache tu, halafu programu inaivuta picha iwe kubwa, boksi linaandikwa 36 au 48. Ni sawa na kumwaga maji kwenye uji: sufuria imejaa, unga ni ule ule. Mimi siku hizi namba hiyo siitaji kwenye tangazo. Nauliza vitu viwili kwa msambazaji: inachukua muda gani toka sensa ishtuke mpaka ipige, na nionyeshe picha halisi ya usiku ya mtu aliyesimama mita 10. Ikichelewa sekunde nzima unapata mkia wa mnyama na kisigino cha mwizi. Na kama msambazaji anakuzungusha kwenye picha ya usiku, achana naye.

Kuhusu usiku kuna mwanga wa aina tatu na lazima ujue unauza upi. Kuna taa za 850, hiyo ni namba ya urefu wa wimbi kwa nanomita. Hizi zinaangaza mbali zaidi, ila ukiitazama kamera ikiwa inapiga unaona vitaa vyekundu kwa mbali. Kuna za 940, hazionekani kwa macho, ila zinafika karibu zaidi na picha inakuwa na chengachenga. Halafu kuna za mwanga mweupe, hizi zinapiga picha ya rangi usiku, na kila mtu anajua amepigwa. Mteja wa shamba lililo wazi anayetaka kujua nguruwe pori wanaingilia wapi, mpe 850. Mteja wa nyumbani anayeogopa mwizi, mpe 940, kwa sababu mwizi akiona vitaa vyekundu anaondoka na kamera. Nimeshauza kamera ikaibiwa wiki ya kwanza, picha ya mwizi ikiwemo humo humo ndani.

Na ukimuuzia mtu ya 850 au 940, mwambie kwa mdomo wako kwamba usiku hamna rangi. Picha ni nyeusi na nyeupe. Shati la kijani na shati la kahawia vinaweza kutoka sawa. Namba ya pikipiki usiku usimuahidi mtu, kwa sababu kibao cha namba kinarudisha mwanga wote, kinatoka cheupe kama taa, na pikipiki yenyewe ikiwa kwenye mwendo inatoka kama moshi. Nina mteja alitaka kwenda polisi na picha ya "shati jekundu". Nilimzuia.

Betri sasa. Hapa ndipo nilipomuumiza yule kijana kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mchana kamera inatumia nguvu kidogo, mwanga wa jua upo. Usiku inapiga ikiwa imewasha zile taa zake zote kwa pamoja, inavuta umeme mwingi ghafla. Betri dhaifu mchana inajikongoja vizuri tu, usiku inaanguka. Kamera nyingine zikiona umeme umeshuka zinapiga picha ya giza, nyingine zinagoma kabisa. Matokeo yake ni kamera inayoonekana nzima, ina picha kibao za mchana, na usiku haina kitu. Mtu asiyejua atasema usiku hakupita kitu. Mimi nilikuwa najua kwamba sijui, na nikanyamaza.

Zile betri za bei rahisi za redio usiziweke, hata bure usimpe mtu. Alkalaini nzuri zinafaa kwa kuanzia. Lithiamu za voti 1.5 zisizochajiwa ndizo bora, umeme wake haushuki mpaka zinapokaribia kuisha, ila bei yake imesimama. Za kuchaji za kawaida zina voti 1.2, nane kwa pamoja zinatoa 9.6 badala ya 12, kuna kamera zinazikubali na kuna zinazosema betri imekwisha hata zikiwa zimejaa. Soma kijitabu cha kamera, sio komenti za watu. Na kuna betri za lithiamu zenye umbo lile lile kabisa ila ni za voti 3.7. Hizo ukiweka nane umeua kamera, au unaweza kusababisha moto. Usichanganye mpya na kuukuu. Video za usiku zinakula betri kupita kiasi kwa sababu taa zinawaka muda wote wa video, kwa hiyo mteja wa kawaida muwekee picha tatu mfululizo, aachane na video.

Memori kadi kila mtu anajua kuna feki, lakini wangapi mnazipima? Kadi imeandikwa 64, ndani ina 8. Kamera inaendelea kuandika, inakuambia imejaa nusu, kumbe picha zinaandikwa hewani. Mimi kila mzigo wa kadi nachukua kadhaa, najaza mafaili mpaka mwisho kwenye kompyuta halafu nafungua yale ya mwisho kuona kama yanafunguka. Kuna programu ya bure ya kompyuta inaitwa H2testw inafanya kazi hiyo hiyo. Halafu angalia kamera yenyewe inakubali kadi ya ukubwa gani, nyingi za bei ya chini mwisho 32. Na kadi iformatiwe ndani ya kamera, sio kwenye simu.

Sasa kuna neno "WiFi" kwenye boksi. Jamani, hili neno limeniletea maneno mabaya kwenye inboksi kuliko kitu chochote. Mteja yuko Dar, shamba liko Kilombero, anaona WiFi anajua atakaa kwake aangalie shamba. Hapana. Kwenye kamera nyingi za aina hii WiFi ni ya kuunganisha kamera na simu ukiwa umesimama hapo karibu, hatua chache tu, ili usipande mti kutoa kadi. Haihusiani na intaneti. Anayetaka picha zimfikie mbali anahitaji ya laini, na hapo napo kuna mtego mwingine: kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, imeandikwa Verizon au AT&T, hiyo imefungwa kwa mitandao ya kwao. Hapa itabaki pambo. Kabla hujaagiza za laini muulize msambazaji inakamata masafa gani, ulinganishe na ya mtandao unaoshika vizuri kule mteja anakoifunga. Kijijini kwingine unashika mmoja tu. Na laini iwe ya mteja mwenyewe, imesajiliwa kwa alama zake za vidole. Usimuuzie kamera ikiwa na laini ya jina lako. Siku kamera hiyo ikitumika kuchungulia bafu la watu, jina litakalotoka ni lako.

Kuhusu kuifunga nitasema haraka. Kwa wanyama wadogo, usawa wa goti. Kwa watu, juu zaidi ya mkono wa mtu, imeinamishwa kidogo, na uijaribu, usifunge ukaondoka. Usiielekeze mashariki wala magharibi, jua la asubuhi na jioni litaiua picha. Elekeza kaskazini au kusini. Isitazame njia moja kwa moja. Iweke pembeni kwa mshazari, maana sensa inakamata vizuri kitu kinachokatiza mbele yake kuliko kinachoijia usoni. Ukuta au tawi lisiwe karibu upande mmoja, usiku linarudisha mwanga na kila kitu kingine kinakuwa giza. Angalia mpira wa mlangoni, sisimizi wakiingia wanatengeneza nyumba humo. Na weka tarehe na saa! Kamera nyingi zikitolewa betri zinarudi tarehe za kiwandani. Unaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na picha inasema ni Januari, saa sita usiku, jua linawaka.

Sisi wa huku tuko chini ya milima ya Udzungwa kwa hiyo tuna mifano mizuri. Kwenye misitu ile mwaka 2005 kamera za watafiti zilipiga picha za sange ambaye sayansi ilikuwa haimjui, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga. Huyu ana uso wa kijivu na ni mkubwa kuliko sange wenzake wote. Watafiti hawakuishia kwenye picha. Mwaka uliofuata waliingia msituni wakawakamata wachache wakawachunguza, na mpaka jina la kisayansi linatolewa ilikuwa 2008. Kule Serengeti kuna mradi ulianza 2010, walifunga kamera 225 kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125, na bado kamera nyingine ziling'olewa na tembo na nyingine zikatafunwa na fisi. Hao ni watu wenye elimu yao na vifaa vizuri, na hawasemi "hatukupata picha, kwa hiyo hakupita mnyama". Sasa sisi na kamera moja ya Kariakoo tunamuahidi mama wa watu kwamba itamwonyesha mwizi wake.

Kwa wateja wa mashambani, swali la tembo litakuja. Wajibu wazi. Kamera haifukuzi tembo. Inaweza kuonyesha wanapita upande gani na saa ngapi, na hiyo inasaidia kupanga ulinzi. Lakini asije akatoka usiku kwenda kuangalia kamera kwa sababu imetuma picha. Na mteja akimwona kanu au fisi kwenye picha asiweke sumu. Wanyama hawa wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Yule mama wa kuku aliziba uwazi kwa wavu wa chuma, hela kidogo tu, na kuku wameacha kupungua. Ukitaka kutega ndani ya hifadhi nako ni mpaka upate vibali, usimdanganye mtu kwamba ukinunua kamera basi umekuwa mtafiti.

Upande wa watu ndio unaoniogopesha zaidi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi. Mteja akiwa gesti, shule au ghala, mwambie aweke tangazo kwamba kuna kamera, na isielekezwe chooni, vyumbani, wala mlangoni kwa jirani. Mteja wa nyumbani naye mwambie picha ya "mwizi" asiitupe kwenye magrupu. Mnajua mtaani neno mwizi linafanya nini. Kamera inapiga picha ya mtu aliyepita. Alikuwa anapita kufanya nini, hiyo haipo kwenye kadi. Picha ipelekwe serikali ya mtaa au polisi, kadi ihifadhiwe kama ilivyo.

Najua kuna atakayesema, ukimwambia mteja mabaya ya bidhaa utauza lini? Nimeambiwa hivyo na jamaa yangu mmoja tunayeagiza naye mzigo pamoja. Anasema kazi yetu ni kuuza, mteja ana akili zake. Nimemwelewa, na ana watoto wawili wa kusomesha, simlaumu. Lakini mzigo wangu wa kwanza niliuza kamera 11 kwa maneno matamu, tano zikarudi au zikaleta ugomvi. Nauli za kwenda kufunga upya, betri nilizolipia, ile 90,000, ukijumlisha faida ya mzigo mzima ilibaki hela ya chakula. Mzigo wa pili niliuza saba tu. Wateja wanne niliwaambia hiki sio kitu unachohitaji, mmoja nikamuuzia taa ya sola yenye sensa kwa bei ndogo akafurahi kuliko angenunua kamera. Imerudi moja, na ilikuwa mbovu kweli toka kiwandani.

Ninachofanya siku hizi kabla sijataja bei nauliza: unataka kuona nini, ni mchana au usiku, kiko umbali gani, na ukishakiona utafanya nini? Hilo la mwisho ndilo linalonipa picha ya mteja. Mtu akijibu "nitamfukuza" au "nitamfunga", namwambia tufunge siku saba, nije tusome kadi pamoja, na tuanze kwa kuangalia kama kuna picha za usiku hata za paka. Kama paka hayupo, kuku hayupo, popo hayupo, usiku mzima mtupu siku saba, basi kamera ndiyo yenye matatizo na hakuna wa kulaumiwa bado.

Mzigo unaofuata nimeagiza sita tu, nne za 940 na mbili za 850. Ile moja iliyorudi, ambayo hata leo inapiga inavyojisikia, sijaitupa. Nimeifunga nyuma ya duka, na ya kwangu nzima nimeifunga pembeni yake. Mteja akija namfungulia kadi zote mbili aone za usiku wa jana, halafu ndiyo tunaongea bei.